Laini ya Mkwe Mtoni

Alhamisi, 7 Agosti

Kuku wamekula. Muthokoi wa mahindi na maharagwe umeiva, nimeuweka kwa kiondo na leso mbili na kitambaa cheupe cha kichwa. Lori la kanisa linatoka Mukuyuni kesho asubuhi kwenda mtoni, upande wa Kibwezi.

Safari hii nabatizwa. Mwaka jana ilikuwa goti. Mwaka juzi mto ulikauka. Nimechoka kukaa benchi ya nyuma mkate wa meza ya Bwana ukinipita, mikono kwa mapaja kama mgeni, na wasichana niliowafunga nepi wanakula. Asiyezamishwa hapewi. Yale maji nilinyunyiziwa nikiwa mtoto wanasema hayatoshi.

Mjukuu wangu Ndinda amenionyesha kwa simu Wahindi wakioga kwa mto wao mkubwa huko India. Watu kama siafu. Mama mmoja wa rika langu aliingia, akabana pua, akazama, akatoka akikamua nguo. Hakuna mtu alimshika shingo. Nikamwambia Ndinda arudishe nione tena. Akasema, "Susu, wewe unapenda ya kina mama wenzako." Mdomo mrefu huyu.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefika. Makanisa mengi, mahema mpaka kwa michongoma. Vyoo vinne. Laini yake ni ndefu kuliko mahubiri. Jirani yangu Mama Kalekye amesahau meno yake nyumbani, sasa anataka uji wangu.

Mwanamke wa Kwa Vonza alikuwa anafua suruali ya bwanake hapo juu, maji yanakuja mahali pa kubatizia. Nilimuuliza, "Mama, tuzamishwe kwa mapovu yako?" Akahama. Hakufurahi. Mimi pia sikufurahi.

Wabatizaji wametajwa. Wawili. Pasta mkubwa, na yule bwana wa binti yangu Mumbua.

Yule hajui nthoni. Mkamba gani hajui nthoni? Mkwe hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, akimwona njiani anapisha, hawali pamoja, hawatajani majina. Yeye siku ya harusi alinishika mkono mbele ya wageni, akanikumbatia, eti kwa Yesu hakuna mambo ya zamani. Wageni wakapiga makofi. Miaka sita sijakanyaga kwake. Na sasa anishike kiuno, leso imeloa imenishika mwili, watu wakiona? Wakae na mkate wao.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko kwa laini ya Pasta mkubwa. Nilimuuliza karani mara mbili, akanuna. Anune.

Mumbua alileta chai. Akasema, "Mwaitu, mikono yake ni ya pole." Nikamwambia mikono yake naijua. Akalia kidogo. Nikakunywa chai.

Jioni. Laini haikuisha. Pasta mkubwa amesimama kwa maji baridi siku nzima, mgongo umekataa. Amebebwa na wanaume wanne.

Kesho ni laini moja.

Jumapili, 10 Agosti

Nilisema narudi nyumbani. Lori halitoki mpaka ibada iishe. Mama Kalekye akanicheka na ufizi wake. "Unaogopa kijana?" Siogopi mtu.

Nikasimama wa mwisho, nikidhani watu watachoka kuangalia. Hawakuchoka.

Maji yakafika kiunoni. Yule yuko mbele yangu, mikono tayari. Mimi siongei na mkwe. Nikamwambia Mumbua pale ukingoni, kwa sauti, "Mwambie asinishike. Aseme maneno yake, nitazama mwenyewe."

Mzee mmoja wa kanisa akapiga kelele kwamba huo si ubatizo. Wengine wakamuunga mkono. Nikaanza kurudi.

Yule akageuka. Akanipa mgongo. Akainua mkono akasema maneno yote, ya Baba na ya Mwana na ya Roho, macho yake kwa miti ya ng'ambo.

Nikabana pua. Nikazama.

Kutoka, kichwa kitupu. Kitambaa kimeenda na maji mpaka kwake. Akakiokota. Hakugeuka. Akarudisha mkono nyuma, amekishika kwa ncha ya vidole, akangoja. Nikakichukua, nikajifunga polepole. Akangoja.

Halafu akasema, "Mumbua, mwambie mama atoke, baridi itamshika."

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumbani. Kuku mmoja hayuko. Leso zimekauka kwa ua.

Mkate nilipewa jana. Kipande kidogo, kikavu. Nimekula.

Nimesoma hizi kurasa. Jina la yule sijaandika hata mara moja. Ilikuwa hasira. Leo pia siandiki, lakini leo ni kwa sababu ni mkwe wangu.

Mumbua amepiga simu, anauliza kama wanaweza kuja Disemba. Nimesema waje. Nitachinja jogoo. Chakula chake Ndinda atampelekea nje, na mimi nikitaka kupita, nitakohoa kwanza.