Majina ya Orchestre Mbeho

Butembo, tarehe 11 Februari 2024

Bénite, mujukulu wangu,

Weye ni mutu gani? Tangu Pasaka ya mwaka jana sijaona hata kivuli chako. Beni iko Ulaya? Kasimu anatoka kule na kushusha mihogo hapa mbele ya nyumba kila juma, na kamioni yake haijasahau njia. Miguu yako njo imesahau.

Habari ya afya? Unakula? Kikohozi kiliisha? Mimi niko. Goti linauma kukinyesha, na unajua Butembo inanyesha wakati gani: kila siku. Godelive, jirani yangu, njo anaandika hii, juu kalamu haikunijua hata siku moja. Nimemwambia aandike vile ninasema, asinitengenezee adabu.

Neno langu ni kaseti. Ulisema utaipeleka ku kioski yako ya Bungulu, utie wimbo wa babu yako mu simu usipotee. Nikakupa. Sasa siku ya Mungu nikitoka misa, ninakaa karibu ya radio. Inaniangalia, ninaiangalia. Zamani nilikuwa ninakula pamoja na sauti ya babu yako na wenzake. Leo ninasikia meno yangu tu, nayo yamebaki matatu.

Urudishe kaseti. Na mwenye kuichukua naye arudi, aone mukaka wake, mama ya mama yake.

Mukaka wako


Beni, tarehe 2 Mei 2024

Mukaka mupenzi,

Jambo sana. Usikasirike kabla Godelive hajamaliza kukusomea. Goti linasema nini? Mimi niko muzima, kikohozi kilienda. Njia ilikuwa mubaya, wewe mwenyewe ulisikia, na kazi haiishi.

Lakini sikia: wimbo wa babu unatembea! Niliutia mu simu ya mutu mumoja wa taxi-moto. Siku ya tatu bakakuja kumi. Sasa ukipita Mulekera unausikia ku kila taxi-moto. Vijana banacheza na ile gitare mpaka jasho. Banauita "ile ya Bungulu", juu banauchukua kwangu. Wengine banabisha, banasema ni orchestre ya Kinshasa. Unaona, Mukaka? Orchestre Mbeho ya babu haitakufa tena.

Mujukulu wako, Bénite


Butembo, tarehe 12 Mei 2024

Bénite,

Nimekusalimia. Goti ni lile lile.

Kinshasa! Babu yako Mathe hakufika hata Kisangani. Siku ya ndoa yetu viatu aliazima, na vilimubana mpaka akacheza nusu ya ngoma amevishika mu mukono.

Nilicheka na barua yako, kisha nikalia, Godelive ni shahidi. Lakini niambie kitu kimoja. Hao bote banasikia pale katikati, gitare inapunguka, na mwanamuke anaita: "Mathe wa Lubero, piga! Kitsa, leta besi! Shafii, amusha tumba! Ananie, puliza!" Banafika pale?

Juu yule mwanamuke ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya mama yako. Ile siku tuliazima mashine ya kushika sauti, na mwenye mashine alikuwa anangojea ku mulango. Hakuna mwenye alileta kartasi. Mathe akasema, "Kama hatuandiki, tuite." Mimi kuandika sijui, lakini kuita ninajua. Picha hawakupigwa. Ku kitabu cha mutu hawamo. Bako mu kinywa changu tu, pale katikati ya wimbo.

Unijibu upesi.

Mukaka wako


Beni, tarehe 30 Agosti 2024

Mukaka,

Nakusalimia na haya. Goti likoje? Mimi ku mwili niko muzima.

Pale katikati nilipakata. Nilifikiri ni mabanga, vile leo mwimbaji anaita majina ya ba-patron mu wimbo juu bamemupa kitu. Vijana hawapendi mabanga ya batu hawajui, banataka gitare itembee. Basi nikakata, nikashona gitare na gitare, nikabakisha ile fupi tu, ile ndefu nikaifuta. Sauti yako, sikuijua. Nisamehe hata hilo.

Nilipopata barua yako nikakimbilia kaseti, nikairudisha mu mashine. Mashine ikaikula, Mukaka. Utepe ulitoka vipande-vipande. Nimeupeleka kwa mafundi wawili wa radio, bote bameshindwa.

Nilisema ni njia inanizuia. Njia ilitengenea tangu mwezi wa sita. Ninaogopa macho yako.

Mujukulu wako, Bénite


Butembo, tarehe 20 Oktoba 2024

Bénite,

Sikusalimii. Kikohozi hakikurudia? Funika kifua asubuhi.

Godelive alikuja na kartasi mara tatu, nikamurudisha. Hasira ya muzee inapanda mulima polepole, na kushuka vilevile.

Mabanga! Mathe angenipa nini? Mimi njo nilikuwa ninamupikia.

Bale bapiga-muziki bane bote bamezikwa. Siku ya Mungu nilikuwa ninabaki na yule musichana wa miaka kumi na tisa mu radio. Alikuwa anaita, mimi ninaitikia na kijiko mu mukono. Sasa hata yeye hayuko. Nyumba hii imekuwa kubwa, Bénite.

Wewe unafikiri kukumbuka ni gitare kulia ku taxi-moto. Hapana. Batoto ya batoto yako batauliza: nani anapiga vizuri hivi? Batajibiwa: batu ya zamani. Zamani haina mama. Mathe alikuwa na mama, na mama yake alinitesa sana.

Lakini utepe njo umekatika, mimi bado. Meno matatu yanatosha kwa majina mane. Kuja na simu yenye courant, chaji ijae. Tutakaa mu jikoni, utapiga ile gitare yako fupi, na nitaita pale palepale. Sauti itakuwa ya muzee, iwe ya muzee. Wewe utashona pale ulipakata. Kisha uwapelekee ba taxi-moto yako.

Na iko jina moja halikuwa mu kaseti hata siku moja, juu mwenye kuita hajiiti. Kwa hiyo siku utafika, usibishe hodi, usiseme "Mukaka". Simama ku barabara, pale Kasimu anashushaka mihogo, uite kwa nguvu majirani basikie: "Kavuo! Kavuo wa Mbeho!"

Ni mimi, mukaka wako. Goti litanikawisha. Endelea kuita mpaka nifungue.