Sauti Niliyoikana

Kaka Maganga,

Yule Mmarekani wako ametoa albamu nyingine. Safari hii anaimba na kwaya, na vijana wa kwaya yetu hapa Cheyo wanaipiga kwenye simu kabla ya mazoezi, tena kwa sauti ya juu. Hakuna anayewakemea. Niliposikia mara ya kwanza nilitoka nje nikalia.

Unakumbuka tulivyomfuatilia tangu tukiwa shule? Alianza na rap, watu wakampenda. Akashika gitaa la wachunga ng'ombe wa kwao, wakasema amepotea. Akachanganya na nyimbo za kanisani, akatukana watu kwenye televisheni, redio zikamsusa, akarudi. Mimi niliona mtu asiyejua anataka nini, tena mwenye mdomo mchafu. Wewe ulicheka. "Mdogo wangu, yule nyumba nzima ni yake. Kwa nini akae chumba kimoja?"

Ukataka na wewe nyumba yako. Ukachukua wimbo wa kulimia anaouimba bibi shambani Igalula, ukaweka rap yako, ukaniomba sauti za kwaya. "Rekodi tu, kaka," nikakujibu, "mimi ndiye katibu wa kwaya." Nilijiona mkubwa kweli! Wimbo ukaanza kupigwa kwenye baa za karibu na stesheni, na habari zikawafikia wazee wa kanisa.

Siku ya kikao mwenyekiti wa kwaya aliniuliza mbele yako, "Katibu, ulimruhusu?" Nikasema hapana. Nilisema hapana, kaka, na sauti inayoongoza kwenye wimbo ule ni yangu. Ukaniangalia kidogo, kisha ukawajibu, "Sikumwomba mtu. Nilirekodi kwa kuiba." Wakakutoa kwenye kwaya. Wiki iliyofuata ulileta sare yako imefuliwa, imepigwa pasi mpaka kwenye kola. Mimi ndiye niliyeipokea.

Kifua kilipokuchukua huko Igalula, kwaya haikuja, maana kwetu asiye na sare haimbiwi kaburini. Nilikuja peke yangu, nimevaa sare, nikafumba mdomo. Aliyekuimbia ni bibi, ule ule wimbo wa kulimia, na alipochoka hakuna aliyempokea.

Baada ya kuwasikia wale vijana na Mmarekani wao sikuweza tena. Jumapili iliyopita nilisimama mazoezini nikasema ukweli wote. Mwenyekiti akanijibu, "Yameshapita hayo, dada. Keti tuendelee." Basi. Wewe walikukalisha mchana kutwa, mimi hata dakika mbili hazikufika. Natamani wangenifokea.

Nimeifua sare yangu. Naipiga pasi sasa hivi, nimefika kwenye kola. Kesho asubuhi naikabidhi, kisha nakuja Igalula kukuimbia bila sare.

Nisubiri, kaka.

Mdogo wako,
mwenye ile sauti