Chumba cha Cherehani na Gari la Baba

Nyumba ya kona,
nyuma ya duka la mbao.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa Kaka,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeketi, umeshiba, na mgongo wako umetulia. Shemeji hajambo? Na yule mkorofi wenu, meno yametoka mangapi sasa? Kwenye picha ya mwisho nimemwona ana mashavu kama mpuliza tarumbeta. Mbusu kwa niaba yangu, hata akilia.

Huku baridi imeingia. Mimi sijambo, ila nikipanda ngazi kwa haraka kichwa hunigonga, na nitakueleza kwa nini.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Baba akipokea simu yako huweka spika, Mama akipokea Baba husimama ubavuni pake, na mimi nikitoka nje kuzungumza nawe nitaulizwa nilikuwa nanong'ona nini. Ndiyo maana wewe umesikia tu kwamba presha ya Mama ilipanda kidogo. Haikuwa presha, Kaka. Acha nianze mwanzo, maana mambo haya ukiyaanzia katikati utamchukia mtu asiyestahili.

Unakumbuka Baba alipostaafu upimaji wa ardhi alivyokuwa akizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipanga upya kabati la vyombo, Mama akalipangua. Ndipo mjane wa yule daktari wa meno aliyetutisha utotoni alipomwambia aje amwondolee gari la marehemu uani. Lile la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa, refu mbele fupi nyuma. Lilikuja likivutwa kwa kamba. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiketi unaona barabara, na kwenye kiti cha abiria kuku alikuwa ametaga.

Shangazi alilizunguka mara moja, akafunga mtandio wake vizuri. "Gari la marehemu," akasema. "Mwenyewe kafa, nalo litatafuta mwenziwe." Baba akamjibu kwamba daktari wa meno alikufa kitandani mwake, kwa uzee, na soksi zake mguuni. Tulicheka sana siku ile.

Nikuambie ukweli, lilimrudishia Baba uhai. Ile baraza ya upande aliizungushia matofali ikawa gereji. Spana zetu zote zilikuwa za milimita na gari hilo halijui milimita, kila nati yake ni ya inchi, kwa hiyo aliazima, akabadilishana, na nyingine akazichonga mwenyewe kwa tupa. Alikata sakafu iliyooza akachomelea bati jipya. Alifungua injini yote, kila kipande kwenye kopo lake, na jikoni hapakubaki kopo hata moja la chumvi. Mama alikuwa akisugua spoku za magurudumu kwa mswaki mkuukuu huku akilalamika: "Mke mwenza huyu anaogeshwa kuliko mimi." Jina likaligandia gari. Hadi leo mtaa mzima unaliita Mke Mwenza.

Lakini Mama alimpenda Mke Mwenza huyo, usidanganyike. Yeye ndiye aliyejitolea kushona viti na turubai la paa. Alihamishia kazi zake zote za wateja asubuhi, na mchana, baada ya chakula, akawa anajifungia kwenye chumba cha cherehani na ngozi ile ngumu ya rangi ya kahawia. Chumba chenyewe unakijua: kimepakana ukuta na gereji, dirisha lake linatazama kichochoroni, na vile vioo viwili vya chini ulivivunja wewe kwa mpira na havijarudishwa.

Injini ilipowaka mara ya kwanza Baba alitokwa na machozi, akasingizia petroli. Tatizo likawa halitulii. Gari hilo lina kabureta mbili, na lazima zivute hewa kwa kipimo kimoja, la sivyo injini inakohoa. Namna ya kuzipima ni kusikiliza. Baba aliweka ncha moja ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta na ncha nyingine sikioni, akageuza skrubu kidogo, akahamia ya pili, akarudi ya kwanza. Kila siku mchana, injini inanguruma, naye ameinama kama daktari juu ya mgonjwa. Na kwa kuwa ni mtu mwangalifu, hakutaka moshi gerejini. Alichukua bomba la plastiki, akaliunganisha na bomba la moshi la gari, akalipitisha kwenye tundu la ukuta hadi nje.

Nje ni kichochoroni, Kaka. Zamani pale palikuwa na upepo wa kuangusha nguo kwenye kamba. Lakini jirani muuza mbao alikuwa amechoka kuibiwa, akapandisha ukuta wake hadi usawa wa paa letu na mwisho wa kichochoro akauziba. Ikawa kama kisima. Sisi tulishukuru kwamba vumbi la mbao limepungua.

Mama alianza kwa kulalamika kichwa. Tukasema ni macho, akanunua miwani. Kisha akawa analala juu ya kazi. Kisha ikaja siku aliyonikabidhi gauni la mteja nimpelekee, nikalikunjua nikaona mikono yote miwili ni ya kushoto. Mama yetu, ambaye mshono wake ungeweza kuupimia mstari. Nilimwonyesha. Akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Nani kashona hili?" Hakuwa anatania.

Zahanati tulikwenda asubuhi, na asubuhi huwa mzima. Wakampima, wakasema presha iko juu kidogo, umri nao unasogea, apumzike. Akapumzika kwa Shangazi. Alirudi ameng'ara, anaimba jikoni, na siku ya pili yake baada ya chakula cha mchana akatapika kwenye kikapu cha vitambaa.

"Mnaona?" Shangazi akasema. "Kwangu mzima, hapa mgonjwa. Nyumba hii inamkataa. Na mnajua imeanza lini." Akanyoosha kidole kuelekea gereji. Baba akamwambia aache mambo ya kishirikina mbele ya watu wazima. Walinuniana wiki nzima. Laiti tungefuata kidole chake tukaacha maneno yake.

Halafu paka wetu akazaa. Alichagua kapu lililo chumbani mwa cherehani, chini ya dirisha. Asubuhi ya tatu watoto wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja, bila jeraha, wamejikunja kama wamelala. Paka alimbeba yule mmoja kwa meno shingoni, akapita naye katikati yetu tukiwa mezani, akaenda kuishi kwenye paa la jirani. Hakurudi ndani tena, hata kwa samaki. Mama aliwazika chini ya mpera akaniambia, "Nilikuwa nimeketi hapo hapo. Sikusikia hata mmoja akilia." Nilimwambia asijali. Sijui kwa nini watu husema hivyo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa inanyesha. Nilitoka zamu ya kiwanda cha mikate na mikate yangu ya moto chini ya koti, nikafika nyumbani mchana. Injini ilikuwa inanguruma kama kawaida, Baba amefungua mlango wa gereji wa upande wa barabara, ameniinulia mkono. Mama alikuwa amebakiza kifuniko cha kiti kimoja tu. Aliniomba nimshikie ngozi, maana ni nzito, akipiga mshono inamkimbia. Nikafunga mlango kwa sababu ya baridi, nikaketi mkabala naye.

Tulizungumza habari zako. Nakumbuka alisema shemeji afunge mtoto tumbo kwa kitambaa cha pamba, si cha nailoni. Kisha cherehani ikanyamaza. Niliona kwamba ameweka shavu juu ya ngozi, nikafikiri, acha apumzike. Nikafikiri pia kwamba mimi nami nina usingizi, na kwamba usingizi huo ni mtamu. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, Kaka. Hapakuwa na maumivu. Kama si mkate ulioanguka kutoka mapajani mwangu ningelala. Niliinama niuokote, magoti hayakutii, nikajikuta sakafuni uso chini, na nikaelewa kwamba hatulali, tunakufa.

Nilimwita Mama. Nikamvuta, kiti kikaanguka naye. Mlango ulikuwa hatua chache tu, lakini mkono wangu ulikitafuta kitasa kana kwamba si mkono wangu. Nilimwita Baba nikiwa nimebandika mdomo ukutani, ukuta ule ule anaoegemea. Nilisikia injini, na nilijua yuko pale nyuma ya tofali moja, mpira sikioni, anasikiliza kabureta zake zinavyopumua. Hakunisikia. Nikatambaa tena hadi mlangoni, nikausukuma ukafunguka, nikaangukia kizingitini nikiita.

Aliyenisikia ni muuza mbao. Alikuwa juu ya ngazi akiziba bati linalovuja, akaona mkate na mkono wa mtu kwenye kizingiti cha mlango wetu wa uani. Yeye ndiye aliyetutoa uani, mvuani. Mimi nilizinduka baridi ya maji iliponipiga. Mama hakuzinduka.

Hospitali walimwekea hewa usoni. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alitutazama mmoja mmoja akauliza, "Mnapikia mkaa ndani?"

Shangazi akasema hapana.

"Kuna jenereta? Injini yoyote karibu na chumba alichokuwamo?"

Shangazi akageuka kumtazama Baba. Baba alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ya grisi ameiinua mbele yake asichafue ukuta. Daktari akaeleza kwamba moshi wa injini una sumu isiyoonekana na isiyonuka, inayoingia mtu taratibu. Alieleza vizuri, kwa huruma. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kama bomba ningelielekeza barabarani?"

"Isingefika kwake," daktari akasema.

Akashukuru, akaenda kuketi kwenye benchi la nje. Shangazi, ambaye nilidhani atamla mzimamzima, alikwenda akaketi karibu naye akamshika mkono ule mchafu. Hakusema lolote, na hajasema hadi leo. Nimemheshimu.

Mama yuko nyumbani sasa. Anakula, anatembea, anatabasamu. Lakini hakurudi mzima. Akiishika sindano huitazama, kisha huiweka chini kwa adabu kama kitu cha mgeni. Juzi aliniuliza kama umesharudi kutoka shule, akakuwekea chakula. Nilikula mimi. Daktari anasema huenda kumbukumbu zikamrudia polepole, huenda zisirudi. Ukipiga simu naye akikuuliza mambo ya ajabu, mjibu tu.

Baba anamwogesha, anamchana nywele, analala sakafuni kando ya kitanda chake. Simlaumu, na wewe ukianza kumlaumu ikunje barua hii uisome tena kuanzia juu.

Lakini kuna jambo lingine, nalo ndilo limenifanya niandike. Tulidhani atalifukuza gari lile. Badala yake alilimaliza. Viti akavifunga, hata kile chenye mshono ulioishia katikati. Akaling'arisha mpaka unajiona. Halafu akaanza kuingia gerejini mchana na kufunga mlango, naye zamani hakuufunga hata siku ya upepo. Nikichungulia namwona ameketi kwenye usukani, hafanyi kitu. Nikimwuliza anasema, "Nafikiri tu."

Wiki iliyopita aliniita akanionyesha dawa za Mama, ipi asubuhi, ipi jioni, ipi asipewe na maziwa. Akanionyesha hati za nyumba zilipo. Saa yake ya mkononi akampa muuza mbao kama shukrani.

"Unakwenda wapi, Baba?" nikamwuliza.

"Sijasema nakwenda."

Usiku ule sikulala. Asubuhi, alipokuwa akimwogesha Mama, niliingia gerejini nikafungua boneti. Zamani aliwahi kunionyesha kifuniko cha distribyuta, kile kigawa umeme cha injini, kinachofungwa kwa vibanio viwili, na chini yake kijidude cheusi kinachozunguka kiitwacho rota. Kidogo, kinaenea kiganjani. Bila hicho gari halitawaka hata ulilie. Nikakitoa, nikarudisha kifuniko kama kilivyokuwa.

Mchana aliingia, akafunga mlango. Nilisimama nje nikamsikia anageuza ufunguo. Starta ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka. Kisha kimya. Kisha boneti ikafunguliwa. Alipotoka alinikuta nimeketi kizingitini.

"Umeichukua wewe?"

"Nimeichukua."

Aliketi karibu nami. Tulikaa mpaka kivuli cha ukuta wa jirani kikatufikia. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ipeleke mbali. Nyumbani nitaitafuta."

Nilimwambia daktari yote. Amempangia Baba mtu wa kuzungumza naye, na ameanza kwenda. Shangazi humsindikiza na kumsubiri kwenye benchi. Shangazi amehamia kwetu na virago vyake vyote na anakoroma. Muuza mbao ametoboa ukuta wake bila kuombwa, upepo upite. Lakini macho yangu mawili hayatoshi, Kaka. Omba ruhusa kazini, uje. Usije na maswali, njoo tu ukae naye.

Shemeji na mtoto wapokee salamu za Mama, aliyemtaja mtoto kwa jina leo asubuhi bila kukumbushwa. Shangazi anakusalimu na kusema uvae kofia. Baba naye anakusalimu. Mola akuzungushie ulinzi wake huko, na sisi asituache peke yetu huku.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Kilichomo unakijua sasa. Kaa nacho, na hata Baba akikupigia mwenyewe, akakuomba kwa upole, usikirudishe. Ombi la kutokirudisha ni lake, si langu.

Ni mimi nikupendaye daima, mdogo wako,

Kifaranga