Sketi za Vyandarua

Liuli,
Jumanne

Dada yangu Zita,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza kahawa ya huko Mkumbi inaendeleaje na shemeji yu hali gani, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: juya la baba la kuvulia nililikata mimi. Sisi huku ni wazima, ila mimi situlii. Nafagia uwanja hata mara tatu kwa siku.

Tangu nimalize kidato cha nne, nimejiunga na kikundi cha ngoma ya kioda cha Mama Mektilda. Alitaka tucheze kama samaki, usipa walionaswa, watu waone jinsi ziwa linavyokombwa, akamtuma kila mmoja atafute chandarua chakavu. Unanijua, kubisha hodi kwa watu naona aibu. Juya la baba lilishonwa kwa vyandarua saba, na linakomba hata usipa wadogo kama sindano. Baba alikuwa Mbamba Bay. Nikachukua mkasi. Zilitoka sketi tisa na shela zake, zikatutosha sote. Nikazitia rangi ya bluu, nikashonea magamba ya karatasi za biskuti.

Jumapili tulicheza ufukweni baada ya ibada. Nilikuwa nimefunikwa uso, basi nilicheza kama si mimi. Jirani yetu Ottilia akapaza sauti kwamba yule usipa wa mwisho kanona, nani kamlisha? Watu wakacheka. Baba naye alipiga makofi, akasema vyandarua hivyo angepewa yeye, asingevichezea.

Dada, baba anamshuku kwa wizi wa juya Baba Joakim, mwenzake wa mtumbwi, aliyenisimamia ubatizo. Ofisi ya uvuvi hawezi kwenda, kwa maana juya la vyandarua limekatazwa. Angeanzia wapi kushtaki? Kwa hiyo anamsema sokoni. Baba Joakim alimjibu kwamba wao huvuta juya moja, huyu huku na yule kule, sasa amwibie nani? Hawasalimiani tena. Ijumaa wazee watakaa wawatenganishe, wasivue tena pamoja.

Jana Baba Joakim alinikuta nachota maji, akaniuliza kama na mimi namwona mwizi. Nilimjibu shikamoo, basi.

Juya silijutii. Yeye ndiye ninayemjutia. Alhamisi nitawaambia wote wawili, baba na yeye, mimi mwenyewe.

Nimeandika kwa sababu simu ni ya mama. Msalimie shemeji, watoto uwabusu. Ila neno hili lisitoke kwako, hata kwa shemeji. Ukinisemea wewe, nitapata tena pa kujificha.

Mdogo wako,
Gaudiosa