Kulwa Kachaguliwa Vyuo Vitatu

Jumatano

Vitatu! Pacha wangu Kulwa kachaguliwa vyuo vitatu, vyote uhandisi wa mitambo. Mimi kimoja tu, cha Dar, nacho kimo kwenye orodha yake.

Likizo nzima kwa mjomba kule Geita, mimi ndiye niliyekuwa nafungua na kufunga mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kulwa alishika tochi. Hata spana namba kumi na tatu haijui.

Mama alipopata habari akawapigia ndugu wote wa kijijini kwetu Samuye. "Kulwa kapata vitatu! Na Doto naye kapata." Na Doto naye. Kwa kuwa yeye alitangulia kuzaliwa, akapewa Kulwa, jina la pacha wa kwanza, nami Doto, la wa pili, basi hata maji ya kuoga anaanza yeye.

Jioni Kulwa akanijia na simu mkononi. "Doto, mwisho wa kuthibitisha chuo kimoja ni leo. Wewe ndiye unayejua mashine. Niende kipi?"

Nikamwambia aende cha Mbeya. Nikasema karakana yao haina mfano nchi hii. Sijawahi kuiona hata kwenye picha. Nilitaka tu Dar niwe peke yangu, nisiwe wa pili wa mtu.

Hakubisha. Akathibitisha palepale, halafu akasema, "Mimi nilitaka Dar, tukae chumba kimoja. Ila kama umesema wewe, basi."



Na sasa ndiyo nafikiria. Nikifika Dar nikasema naitwa Doto, mtu wa kwanza tu ataniuliza, "Na Kulwa yuko wapi?"