Rangi ya Maziwa kwa Wifi

Lidia uko hewani? Nimeaibika mbele ya jumuiya nzima, Jumapili sijui nitaingiaje kanisani.

Si unajua wifi yangu Eufrasia, dada yake Abel, alianika masweta ya watoto juu ya jiko la mkaa akatoka? Sebule ikashika moto. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, na hilo nasema kwa moyo wote.

Leo jumuiya tumeenda kumsaidia. Wanawake tunasugua masizi ukutani, wanaume wanatengeneza dari. Na nani yuko juu ya ngazi anaimba? Abel! Mume wangu! Dari yangu imelegea tangu Peace hajazaliwa, kila nikisema, mgongo unamuuma. Leo mgongo umepona!

Halafu akafungua ndoo ya rangi. Lidia, rangi ya maziwa! Ile ile niliyomwonyesha dukani Makambako, akasema inachafuka haraka.

Eufrasia anachekelea, "Wifi, kaka ana jicho zuri, kaichagua mwenyewe."

Kaichagua mwenyewe!!

Ndipo likanitoka: "Basi na mimi nikachome sebule yangu, labda nitapigiwa rangi!"

Mwenyekiti wa jumuiya akafanya ishara ya msalaba. Abel akashuka ngazi bila kunitazama.

Sasa nimerudi, baridi ya hapa kijijini Yakobi unaijua, nataka kuwasha jiko. Kiberiti sikioni. Nikamuuliza Abel.

Kanijibu kwa upole ambao sijausikia tangu uchumba: "Mama Peace, wewe pumzika. Leo napika mimi."

Na kiberiti kinachungulia mfukoni mwake.