Kigoda Kando ya Kichuguu

Jumanne, 22 Aprili

Chai, kigoda, kichuguu. Kama kila asubuhi tangu nistaafu. Mla nyuki amekuja na nyuki mdomoni, akamgonga kwenye tawi la mpera mpaka akatulia, akaingia naye shimoni. Hamezi tena mwenyewe. Maana yake mayai yameanguliwa. Nilifurahi mpaka chai ikapoa mkononi.

Ndege mwenyewe hajai kiganja. Mgongo kijani, koo njano, jicho kama limepakwa wanja. Shimo lao liko upande ule wa kichuguu tuliochimba udongo wa kukandika simba, kibanda cha kijana wetu Wekesa. Tuliacha ukuta umesimama wima, wao wakaona ni kiwanja.

Mke wangu Nafula anasema mama yake anakuja keshokutwa kutoka Bungoma. Ameugua, na kliniki ya hapa Kitale ndiyo inamfaa. Mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, kwa hiyo atalala kwenye simba. Wekesa yuko Nairobi, haitumii. Sawa kabisa. Ila mlango wa simba unatazama kigoda changu. Nimenyang'anywa kiti.

Alhamisi, 24 Aprili

Amefika. Nilimsalimu nikitazama ua, akaniitikia akitazama migomba. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo alivyolelewa yeye. Miaka yote ya ndoa yangu namjua mama huyu kwa mgongo na kwa leso zake.

Sasa natembea katika boma langu kama mwizi wa kuku. Nakohoa kabla ya kukata kona. Ndege nawachungulia kwa dirisha la jikoni, naona mkia tu.

Jumapili, 27 Aprili

Mama hali. Nafula alienda mpaka Kachibora kutafuta kuku wa kienyeji. Sahani imerudi kama ilivyoenda. Uji, vijiko viwili. Daktari alisema ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni kula. Kana kwamba kula ni neno dogo.

Baada ya kanisa Nafula alilia akiosha vyombo. Nikamfutia sahani. Namwonea huruma mama. Na bado nataka kigoda changu. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama ameomba chakula. Kwa mara ya kwanza tangu aje. Ameomba kumbikumbi.

Amekiona kichuguu na mawingu. Amemwambia Nafula mvua ikishika kifunikwe kama wanavyofanya kwao: fito kuzunguka, majani ya migomba, blanketi juu, shimo na sufuria chini. Kumbikumbi wakitoka hawana pa kurukia, wanaangukia sufuriani. Nafula aliingia jikoni akicheka.

Mimi nikawaza shimo. Blanketi likifunika kichuguu limefunika na mlango wa mla nyuki. Wazazi watabaki nje na nyuki mdomoni, watoto ndani. Kuna siku watu wanaacha blanketi tangu asubuhi mpaka giza, na kesho yake tena.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwambia Nafula. Nilianza vibaya.

"Ati ndege?" akasema. "Baba Wekesa, mama yangu amekuwa mifupa, wewe unaniambia ndege?"

Nikasema tununue kumbikumbi sokoni. Akasema mama hakuomba vya soko, ameomba vya hapa nyumbani kwa mtoto wake. Tena akauliza amwambie mama nini, kwamba mkwe wake amemnyima wadudu? Jioni akakata fito mwenyewe, akaziegemeza kwa mpera. Blanketi limeanikwa. Nimelichukia blanketi zima, na ni zuri, la harusi yetu.

Alhamisi, 1 Mei

Radi upande wa Mlima Elgon. Hakuna mvua. Nimelala vibaya. Mtu mzima na nywele nyeupe, moyo unaenda mbio kwa sababu ya ndege. Kama wangejua wale niliofanya nao kazi wangenicheka mpaka Eldoret.

Nimepata wazo. Chupa ya mafuta ya kupikia, ile kubwa, nikate kitako na shingo. Iwe kama bomba la kupita chini ya blanketi mpaka shimoni. Labda ndege ataingia. Labda.

Ijumaa, 2 Mei

Aibu ya mwaka.

Nilitoka alfajiri na chupa yangu nijaribu kabla mama hajaamka. Sikukohoa. Nakata kona, huyo hapo. Amekaa kwenye kigoda changu, ameinama, sikio liko kwenye shimo la mla nyuki. Akainua uso. Tukatazamana.

Akajifunika leso kichwa chote. Mimi nikageuka kwa nguvu, goti bovu likakataa, nikaenda chini matopeni karibu na tangi la maji. Chupa kule, kiatu kule. Mama hawezi kunishika. Mimi siwezi kumwomba. Nafula alikuwa ng'ombeni, mbali. Mama akamwita mara tatu, hakusikia.

Halafu nikamsikia mama akiongea, mgongo umenigeukia, sauti ya juu.

"Wewe ndege. Mwambie mwenye boma asiamke kwa haraka. Goti litazidi."

Nilidhani homa imemrudia. Kisha nikaelewa. Nikasafisha koo.

"Ndege," nikasema, "mwambie mama nimesikia."

"Mwulize hiyo chupa ni ya nini?"

Nikamweleza ndege yote. Fito, blanketi, mlango, watoto walio ndani. Nimelala chali matopeni namweleza ndege. Na ndege mwenyewe alikuwa kwenye mpera, nyuki mdomoni, akingoja tumalize apite.

Mama akasema, "Ndege, si nimesikia watoto wako wakilia? Mimi nimezaa saba. Siwezi kufunika mlango wa mama mwenzangu. Mwambie fito zirudi jikoni, ni kuni."

Nafula alitukuta hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakumbuka kwamba sasa mama hana cha kula, akaacha kucheka.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa mchana. Saa kumi na moja jua likatoka, na kichuguu kikafunguka.

Sijawahi kuona kama hivi, kwa sababu kila kichuguu nilichokuta kikifunguka kilikuwa kimefunikwa. Walitoka kama moshi. Mbayuwayu wakashuka, kuku wakawa wazimu, Nafula anakimbia na beseni la maji. Mla nyuki wote wawili hawakuhitaji kwenda mbali. Wanadaka, wanaingia, wanatoka. Mimi dirishani, goti kwenye stuli.

Mama alikaa tu kwenye kigoda. Kumbikumbi wakamtua kwenye leso, kwenye mapaja, kichwani. Akamtoa mmoja mbawa, akamla. Akamtazama mla nyuki. Akachukua mwingine. Akala kama watoto wanavyokula, bila sufuria, bila chumvi, mpaka giza likaingia. Kisha nikamsikia akimwuliza Nafula ugali uko wapi.

Nililia jikoni. Nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Ijumaa, 9 Mei

Anakula. Tuna zamu sasa. Alfajiri mimi, nikikohoa kwa sauti ya kutosha, yeye anabaki ndani. Jua likichomoza nakohoa tena naondoka. Leo aliongea na ndege akiwa ndani, mlango umefungwa. Ati amwambie mwenye boma kuna mtoto mmoja amechungulia nje jana, ana koo la kijivu. Nilikaa dakika nyingi. Alichungulia kweli.

Alhamisi, 15 Mei

Shemeji amekuja kumchukua mama. Mama amenenepa mashavu, nimeyaona kidogo. Aliaga migomba. Nikauaga ua.

Jumapili, 18 Mei

Wameruka wote. Shimo liko kimya. Nilikaa na chai. Kigoda chote changu, na sikukifurahia.

Jioni Nafula alimpigia mama simu. Mimi siongei naye kwa simu, haifai. Nafula akaweka sauti kubwa, akaishika simu dirishani, akaniangalia. Nilikuwa nje, mbele ya shimo tupu. Nikasafisha koo.

"Ndege," nikasema, "mwambie mama kigoda chake kipo."

Halafu tukamsikia, huko Bungoma, akimwambia mtu amwongezee ugali.